Mbaazi za Malili na Mtihani wa Fizikia

Mbaazi tunazozipika kwa tui zito la nazi na kuzila kwa mahamri asubuhi, nyingi hazikui Pwani. Hutoka katika ardhi kame ya Ukambani, Makueni, Kitui na Machakos, ambako mmea huu huvumilia kiangazi ambacho mahindi hayakiwezi. Mama wa Mombasa huziloweka usiku, akazibandika alfajiri, na baada ya muda anaoujua bila ya kutazama saa, zikaiva. Sasa tuzichukue mbaazi zilezile, sufuria ileile na moto uleule, tuvipeleke Malili, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, katika kaunti ya Makueni. Mbaazi zitachelewa. Maji yatachemka mapema kuliko Mombasa, mapovu yatafurika, na bado ukiibonyeza punje utaikuta ngumu. Mpishi mgeni ataona kwamba ameuziwa mbaazi kuukuu.

Sababu ya jambo hilo imo katika silabasi ya fizikia ya shule za sekondari za Kenya, na ni miongoni mwa mambo ambayo mtahiniwa wa KCSE hutakiwa kuyaeleza kwa mistari miwili au mitatu. Binti aliyekwisha kusikia mama na shangazi wakibishana juu ya mbaazi za bara ana jibu tayari. Aliyebaki ni kulivika istilahi za kitabu.

Tumechagua kuandika juu ya fizikia wiki hii kwa sababu ndilo somo ambalo mabinti zetu wengi huliacha wakati ambapo wazazi hawajui kwamba linaachwa. Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi hufika mwisho wa Kidato cha Pili akatakiwa kuchagua. Sayansi ni tatu, na katika shule nyingi anaruhusiwa kubaki na mbili. Wasichana wengi hubaki na bayolojia na kemia, fizikia wakaiaga. Mfumo mpya nao unamtaka mwanafunzi achague njia yake mapema. Uchaguzi huo hufanywa kwa siku moja, mara nyingi kwa kufuata rafiki wa dawati moja au kwa kuogopa alama za muhula mmoja, na fomu ikarejeshwa kabla ya baba wala mama kuulizwa. Miaka miwili baadaye ndipo familia hugundua kwamba kozi za uhandisi katika vyuo vikuu vyetu zinadai fizikia, na kwamba mlango ulifungwa zamani bila ya mtu kusikia kishindo.

Malili yenyewe ni ushahidi wa jambo hilo. Serikali ilinunua ekari 5,000 zilizokuwa sehemu ya ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake, kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi. Leo kuna kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data, na chuo cha juu cha sayansi na teknolojia kimekuwa kikijengwa hapo kwa ushirikiano na Korea Kusini. Mabasi yetu hupita kando ya mji huo kila siku, usiku na mchana. Ni haki kuuliza ni nani kati ya watoto waliomo ndani ya mabasi hayo atakayeshuka pale siku moja akiwa na kazi ya kufanya.

Mama asiyesoma fizikia anaweza kumsaidia mwanawe kujiandaa kwa mtihani. Hahitaji kujua kanuni. Anahitaji kuuliza swali, kusikiliza jibu kwa Kiswahili, na kulikataa jibu lisiloeleweka. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na hilo haliepukiki, lakini mtoto anayekariri sentensi ya Kiingereza bila ya kujua inasema nini hupotea pale tu mtungaji anapobadilisha mfano. Aliyewahi kuieleza kwa lugha yake, mbele ya mtu asiyeielewa, hapotei kwa urahisi.

Basi turejee kwenye sufuria.

Hewa ina uzito. Hatuuhisi kwa kuwa tumezaliwa ndani yake, kama samaki asivyohisi bahari. Mombasa tumekaa chini kabisa ya bahari hiyo ya hewa, na uzito wote ulio juu yetu hukandamiza kila sentimita ya miili yetu na ya vyombo vyetu. Huo ndio unaoitwa shinikizo la hewa. Vitabu vya Tanzania huliita kanieneo, jina zuri kwa sababu linajieleza: ni kani iliyogawanywa kwa eneo inayolikandamiza. Usawa wa bahari, shinikizo hilo ni takriban kilopaskali 101, nalo husimamisha zebaki katika mrija wa barometa hadi sentimita 76. Malili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Sehemu ya hewa imebaki chini yetu, hivyo shinikizo hushuka hadi takriban kilopaskali 84, na zebaki husimama karibu sentimita 63.

Maji huchemka pale ambapo mvuke wake unapata nguvu ya kushindana na hewa inayoyakandamiza kwa juu. Mombasa, hewa ni nzito na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100 za Selsiasi. Malili hewa imepungua nguvu, na maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95 tu. Yakishachemka, hata ukichochea kuni namna gani, hayapandi joto tena; moto wote unaoongeza huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Mbaazi zinaiva kwa joto, haziivi kwa mapovu. Nyuzi tano zilizokosekana ndizo zinazozichelewesha. Sufuria ya presha hufanya kinyume: huufungia mvuke ndani, shinikizo likapanda, maji yakakataa kuchemka mpaka yapite nyuzi 100, na mbaazi zikaiva upesi.

Hapa mwanafunzi huulizwa pia ni nini kingine hubadilisha kiwango cha kuchemka, na jibu ni vitu vilivyoyeyushwa ndani ya maji, kama chumvi, ambavyo hukipandisha. Ila chumvi ya kijiko kimoja haipandishi kwa kiasi cha kumfaa mpishi. Ni jibu la mtihani zaidi kuliko la jikoni.

Kuna njia nyingine ya kuliona shinikizo, nayo watoto huipenda zaidi. Nunua kachiri za muhogo zilizofungwa vizuri katika mfuko wa plastiki kabla ya kuondoka Mombasa, uzikataze zisifunguliwe njiani. Kufikia Voi mfuko utakuwa umeanza kujaa. Ukifika Malili utakuwa umetuna kama puto. Hakuna hewa iliyoongezwa ndani yake. Ni ile ya nje iliyopungua nguvu, na iliyo ndani ikapata nafasi ya kutanuka. Boyle, mwanasayansi wa karne ya 17, alilisema jambo hilo kwa hesabu: halijoto ikibaki ileile, shinikizo ukilizidisha kwa ujazo wa gesi hupati jibu tofauti. Kama mfuko una sentimita za ujazo 500 za hewa Mombasa, basi 101 mara 500, ukigawanya kwa 84, ni takriban 600. Mwambie mtoto aifanye hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya safari, halafu autazame mfuko. Bila shaka plastiki hujikaza na kupunguza kidogo, na mwanafunzi mwenye akili atalisema hilo mwenyewe.

Jambo hilohilo huwahusu watu wa Makueni na Kitui katika shughuli nzito kuliko kachiri, yaani kuteka maji. Wengi hudhani pampu ya mkono huyavuta maji kutoka kisimani. Ukweli ni kwamba pampu huondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Kwa hiyo maji hayawezi kupanda kuliko nguvu ya hewa inavyoruhusu. Usawa wa bahari kikomo ni kama mita 10. Malili ni takriban mita 8 na nusu, na kwa pampu iliyochakaa ni pungufu zaidi. Kisima chenye kina zaidi ya hapo kinahitaji pampu ya aina nyingine, inayokaa chini na kuyasukuma maji kwenda juu. Tofauti kati ya pampu hizo mbili iko katika sura ya shinikizo ya Kidato cha Kwanza, na wanafunzi wengi huichora bila ya kujua kwamba kuna vijiji vinavyoitegemea.

Barabara ya kufika Malili nayo ni darasa, na hapa hatuzungumzii alama za mtihani peke yake. Baada ya Emali basi hupita Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, kisha Salama, sehemu ambayo licha ya jina lake imeona ajali nyingi. Kila mzazi anayepakia watoto katika basi la usiku angefaa kuzijua sheria mbili za Newton kabla ya kujua namba ya kiti.

Ya kwanza inasema kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani ikizuie. Basi likienda, abiria naye anakwenda kwa kasi ileile, ingawa amekaa kitako na anasinzia. Dereva akikanyaga breki ghafla, breki hulishika basi, hazimshiki abiria. Yeye huendelea mbele mpaka azuiwe na kitu: mkanda, kiti cha mbele, au kioo. Ukaidi huo wa vitu kubadilisha mwendo wao huitwa inesha.

Sheria ya pili hutupa kipimo. Kani ni sawa na tungamo mara badiliko la kasi, ukigawanya kwa muda uliochukuliwa. Tuchukue mtoto wa kilo 8 aliyepakatwa na mama yake. Basi linakwenda kilomita 72 kwa saa, ambayo ni mita 20 kwa sekunde. Likigonga kitu na kusimama kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hesabu ni 8 mara 20, gawanya kwa 0.1: nyutoni 1,600. Hiyo ni sawa na kubeba kilo 160, karibu magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama, hata awe na mapenzi kiasi gani, anayeweza kushika uzito huo kwa mikono miwili akiwa usingizini. Mkanda upo kwa ajili ya kazi ambayo mikono haiiwezi, na mtoto mdogo anahitaji kiti chake mwenyewe kilichofungwa, pale kinapopatikana.

Kisha mwulize mwanao hivi: dereva akiongeza kasi mara mbili, atahitaji umbali mara ngapi ili asimame? Wengi hujibu mara mbili. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi, mara kasi tena. Kwa kuwa kasi huingia mara mbili katika hesabu, nishati huwa mara nne, na breki huhitaji umbali mara nne kuimaliza. Dereva wa mita 10 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 36 kwa saa, akichukua sekunde moja kushtuka na breki zake zikipunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, atasimama baada ya mita 20: 10 za kushtuka na 10 za breki. Akienda mita 20 kwa sekunde, ni mita 20 za kushtuka na 40 za breki, jumla 60. Kijana anayeweza kuifanya hesabu hiyo bila kutazama kitabu ameshika sehemu kubwa ya mada ya mwendo mnyoofu, sheria za Newton na nishati, na pengine atapata ujasiri wa kumwambia dereva apunguze.

Mchana wa jua kali, kati ya Mtito Andei na Emali, wasafiri huona maji yakimeta juu ya lami kwa mbali. Basi likikaribia, maji husogea mbele, wala hayafikiwi. Waswahili tumeyaita mazigazi tangu kale. Hewa iliyogusa lami hupata moto na kuwa nyepesi kuliko iliyo juu yake. Mwanga unaoshuka kutoka angani kwa mshazari hupita kutoka hewa nzito kuingia hewa nyepesi, na kila tabaka huupinda kidogo, mpaka unashindwa kuendelea chini, ukageuka kupanda kuelekea macho yetu. Tunachokiona juu ya lami ni kipande cha mbingu, akili ikakisoma kuwa ni maji.

Kitabu huliita jambo hilo kuakisiwa ndani kikamilifu, na mtahiniwa lazima ataje masharti yake mawili: mwanga utoke mahali penye densiti kubwa kwenda penye densiti ndogo, na pembe yake iipite ile pembe ya mpaka. Kwa kioo cha kawaida kilichozungukwa na hewa, pembe hiyo ni karibu nyuzi 42. Sharti moja likikosekana kwenye jibu, alama nayo hukosekana.

Sasa, chini ya bahari mbele ya Mombasa zimelazwa nyaya nene ambazo ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Za kwanza kufika, SEACOM na TEAMS, zilifika mwaka 2009. Mwanga huingia upande mmoja, ukajigonga kwenye ukuta wa kioo kwa pembe kubwa, ukarudishwa ndani, ukajigonga tena, hivyo hivyo mara nyingi mno mpaka ufike mwisho, ukiwa umebeba sauti zetu, picha zetu na fedha zetu za simu. Kinachoudanganya macho ya dereva karibu na Emali ndicho kinachoipa Konza mawasiliano yake. Katika Kenya nzima hakuna mfano unaofaa zaidi kwa mada hiyo.

Kwa kuwa tumetaja mwanga, si vyema kumpita al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuishi sehemu kubwa ya umri wake Misri. Katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba jicho halitoi miale kwenda kwa vitu, kama walivyodhani baadhi ya Wayunani, bali mwanga hutoka kwa vitu ukaingia machoni, na kwamba husafiri kwa mstari ulionyooka. Alifanya majaribio katika chumba cha giza chenye tundu dogo. Jaribio lake ndilo kamera ya tundu ya Kidato cha Kwanza, na linaweza kufanywa sebuleni kwa kopo la maziwa: toboa tundu la sindano upande mmoja, upande wa pili ufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, elekeza kwenye dirisha lenye mwanga. Dirisha litaonekana juu chini. Mwulize mtoto kwa nini, na umpe kalamu achore mistari miwili, mmoja kutoka juu ya dirisha na mmoja kutoka chini yake, yote ipite tunduni. Akiichora kwa rula atajijibu mwenyewe. Halafu alipanue tundu aone picha ikififia ukali wake. Hilo nalo huulizwa.

Tukirudi Malili, mgeni wa Pwani hustaajabia baridi ya usiku. Mwinuko ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine ambayo wanafunzi huisahau. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipande joto kwa nyuzi moja, kiasi kikubwa kuliko mchanga na mawe kwa mara nyingi. Mombasa imezungukwa na bahari, ghala la joto lisilopoa kwa usiku mmoja. Ukambani kuna ardhi kavu, inayopata moto upesi na kupoa upesi. Tofauti hiyohiyo ndiyo huleta upepo wa bahari mchana, nchi kavu inapokuwa na moto, na kuugeuza usiku. Wavuvi wetu huondoka na huu na kurejea na ule, na wengi wao hawajawahi kuona kitabu cha fizikia.

Nchi kavu hiyo imewafunza watu wake hekima ya maji. Katika mito ya msimu ya Makueni, Kitui na Machakos hujengwa malambo ya mchanga. Ukuta wa saruji hukatiza mto. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga mwingi, nao hujaza nyuma ya ukuta. Mtu asiyejua atasema lambo limeharibika. Maji yamo ndani, katika nafasi kati ya chembe na chembe, na yanakaa humo miezi baada ya mto kukauka. Mwanafunzi aulizwe: kwa nini hayakaushwi na jua? Kukauka hutokea juu ya uso wa maji, nako huongezwa na joto, upepo na ukubwa wa uso huo. Mchanga huficha uso, ukazuia upepo, ukakinga jua. Hii ndiyo tofauti kati ya kukauka na kuchemka inayodaiwa na watahini: kukauka hutokea usoni tu na kwa joto lolote, kuchemka hutokea katika maji yote na kwa joto maalumu.

Mtungi wa bibi hutumia jambo hilohilo kwa faida nyingine. Maji hupenya udongo wa mtungi, yakafika nje, yakakauka, na katika kukauka yakachukua joto kutoka kwa maji yaliyobaki. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi bila ya umeme, na ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi nje haupozi.

Umeme tutaupitia upesi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa hula nusu ya yuniti, na binti anayenunua tokeni za nyumbani anaweza kukisia matumizi ya wiki akalinganisha na mita. Volti za nyumbani ni 240. Wati 1,000 ukigawanya kwa 240 ni ampea 4.2, hivyo fyuzi ya pasi hiyo ni ya ampea 5. Ya ampea 3 ni ndogo kwa pasi hiyo, na ya 13 itaacha waya upate moto kabla ya kukatika. Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, na kila namna hujibiwa kwa hesabu hiyo moja.

Mtihani wenyewe una karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja na huchukua saa mbili. Ya kwanza huelemea mwendo, kani na joto, ya pili huelemea mwanga, mawimbi na umeme. Ya tatu ni ya vitendo, alama 40, saa mbili na nusu. Alama nyingi hupotea mahali padogo. Swali likisema taja, jibu ni neno au sentensi moja, na kuandika ukurasa ni kupoteza muda. Likisema eleza, lazima sababu iwepo: mbaazi huchelewa Malili kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo maji huchemka kwa joto la chini. Sehemu ya kwanza bila ya ya pili ni nusu ya jibu. Namba bila ya kipimo chake, nyutoni, jouli, paskali, si jibu kamili. Tungamo na uzito visichanganywe: tungamo ni wingi wa kitu, hupimwa kwa kilo na habadiliki Mombasa wala Malili, uzito ni kani ya ardhi inayokivuta, hupimwa kwa nyutoni.

Karatasi ya tatu ndiyo ambayo familia inaweza kuifanyia mazoezi nyumbani bila ya maabara. Funga nati nzito kwenye uzi wa mita moja, uuning'inize kwenye msumari wa mlango, usogeze nati pembeni kidogo na uiachilie. Pima muda wa mizunguko 20, ya kwenda na kurudi, kwa saa ya simu. Utapata kama sekunde 40, yaani sekunde 2 kwa mzunguko mmoja. Badilisha nati uweke nzito zaidi. Muda hautabadilika, na watoto wengi hukataa kuamini mpaka wapime wenyewe. Punguza uzi uwe sentimita 25. Mzunguko utakuwa sekunde moja. Halafu mtoto apime kwa urefu mara tano au sita tofauti, aandike kila kipimo katika jedwali kwa desimali mbili, akipishe kipeo cha pili muda wa mzunguko mmoja, na achore grafu yake dhidi ya urefu wa uzi kwa mita. Pointi zitajipanga katika mstari ulionyooka unaopita sufuri. Mteremko wa mstari huo unapaswa kukaribia 4, namba 39.5 ukiigawanya kwa mteremko huo hukupa mvuto wa ardhi, karibu 9.8. Mmoja apime muda, mwingine ahesabu mizunguko kwa sauti kuanzia sufuri, si kuanzia moja, maana hapo ndipo wengi hupoteza mzunguko mzima kabla hata ya kuanza.